Mandhari ya Kirusi yenye monasteri ng'ambo ya mto, mnadani London: nikague nini kabla ya kupanda bei?

Mbalamwezi

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaoijua sanaa ya Urusi ya mwisho wa karne ya 19.

Kuna loti kwenye mnada wa London wiki tatu zijazo. Ni mandhari ya rangi za mafuta kwenye turubai, sm 44.5 × 71. Ni jioni, mto umetulia, kinjia kinashuka hadi kwenye kidaraja cha mbao upande wa mbele kushoto, mashua mbili zimefungwa kando yake, na ng'ambo ya pili kuna monasteri nyeupe yenye makuba ya kitunguu nyuma ya miti. Saini ya herufi za Kirusi iko chini kulia, bila tarehe. Katalogi imeandika "Inahusishwa na Isaac Levitan", yule mchoraji wa mandhari wa Kirusi, halafu "ina saini". Makadirio ni pauni 40,000 hadi 60,000. Historia ya umiliki ni mstari mmoja tu: mkusanyiko binafsi, Ulaya Magharibi. Maelezo yanasema ni mandhari ya kiishara, njia na daraja vikiwa ni safari ya roho kuelekea amani ya milele.

Ripoti ya hali nimeiomba, bado haijafika. Nauliza: kwenye mchoro wa namna hii ukaguzi unaanzia wapi? Hizo ishara ni za Levitan kweli, au ni mapambo ya katalogi? Na nikishinda, hesabu ya mwisho inafika ngapi, na kinga yangu ni ipi ikibainika baadaye kuwa si mkono wake?

Mwambaji

Mkuu, anza na maneno ya katalogi kabla hujaliangalia turubai, maana hayo ndiyo mkataba. Jina la msanii likisimama peke yake, pamoja na miaka ya kuzaliwa na kufa, nyumba ya mnada inalibeba jina hilo. "Inahusishwa na" ni ngazi moja chini: wanadhani huenda ni yake, lakini hawako tayari kulipa wakikosea. Chini ya hapo kuna "karakana ya", "watu wa karibu na", "mfuasi wa", "kwa mtindo wa", na mwisho kabisa "nakala ya". Kwenye saini ni vivyo hivyo. "Imesainiwa" maana yake wanaamini aliyeandika ni msanii mwenyewe. "Ina saini" maana yake jina lipo, aliyeliandika hawamtaji. Loti yako imewekewa tahadhari zote mbili, na bei inakubaliana nazo: Levitan asiye na shaka, wa mafuta, wa ukubwa huo, hakadiriwi pauni 40,000.

Sasa mchoro wenyewe. Soko la mandhari za Kirusi lina ugonjwa wake. Feki nyingi zilizoingia sokoni tangu miaka ya 1990 hazikuchorwa upya, zilinunuliwa. Mtu anakwenda kwenye mnada wa Ulaya, anachukua kwa bei ndogo mandhari halali ya karne ya 19 ya Mholanzi au Mjerumani wa daraja la kati, anaifuta saini, anaondoa chochote kinachoitambulisha nchi yake, anaongeza kitu cha Kirusi, kisha anaweka jina jipya. Turubai ni la zama zile, rangi ni za zama zile, nyufa ni za kweli. Maabara ikichukua punje ya rangi angani, majibu yatatoka safi kabisa.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Mei 2004. Sotheby's London iliondoa mandhari yenye kijito iliyoandikwa kuwa ya Mrusi Ivan Shishkin muda mfupi kabla ya mnada kuanza. Makadirio yalikuwa pauni 550,000 hadi 700,000, na ilikuja na cheti cha Jumba la Tretyakov la Moscow. Kumbe ni kazi ya Mholanzi Marinus Koekkoek iliyokuwa imeuzwa Stockholm mwaka uliotangulia kwa takriban dola 65,000. Shishkin alisoma Düsseldorf, kwa hiyo kufanana kwa mtindo kulikuwa kwa kweli, na hicho ndicho kilichowapoteza wataalamu.

Ndiyo maana kwenye loti yako mahali pa kwanza pa kukagua ni pale pale panaposifiwa: monasteri. Ondoa makuba kwa kidole gumba na utazame kinachobaki. Mto, miti, mashua na kidaraja vinaweza kuwa Uholanzi, Denmark au Ujerumani ya kaskazini. Urusi yote ya mchoro huo imekaa kwenye eneo la sentimita chache za rangi. Na kuba la kitunguu peke yake si ushahidi wa Urusi, kwani makanisa ya Bavaria na Austria yanayo tele.

Siku ya maonyesho nenda na tochi ndogo na lenzi ya kukuza mara 10. Weka mwanga pembeni, karibu sambamba na turubai, ufuatilie miburuzo ya brashi ya angani hadi kwenye kuba. Ikiwa kanisa lilipangwa tangu mwanzo, mchoraji aliliachia nafasi, au alilipaka anga ikiwa mbichi, na ukingo wa kuba utakuwa umeburuta rangi ya anga kidogo. Ikiwa matuta ya mawingu yanapita chini ya kuba bila kukatika, kanisa lilikuja baadaye. Hapo tulia, kwa sababu baadaye inaweza kuwa alasiri ile ile. Msanii kuongeza kitu juu ya anga iliyokwisha kukauka si kosa. Linaloamua ni nyufa. Tazama pale ufa wa angani unapoingia kwenye kuba. Ukikata na rangi ya kuba pia, vilizeeka pamoja. Rangi ya kuba ikiwa imezama ndani ya ufa na kuujaza, kuba ni changa kuliko nyufa, yaani kwa miongo. Saini ikague kwa njia hiyo hiyo, herufi kwa herufi.

Kisha angalia taswira ya majini, maana waongezaji wengi huanguka hapo. Monasteri iliyo juu ya kilima nyuma ya ukingo wa mto haionekani yote majini. Ukingo na miti ya mbele huimeza sehemu ya chini, unabaki mnara na kuba tu. Kitu cheupe hutoa taswira nyeusi kidogo kuliko chenyewe, na kitu cheusi hutoa taswira iliyofifia kidogo. Na taswira hushuka wima kabisa chini ya kitu chake. Mwongezaji hugeuza kanisa zima juu chini na kulibandika majini kwa rangi ile ile. Levitan aliyapaka maji ya mto Volga msimu baada ya msimu, kosa hilo halifanyi.

Halafu omba picha mbili za miale ya urujuanimno: moja ya mchoro mzima, nyingine ya makuba kwa karibu. Vanishi ya zamani ya utomvu hung'aa kijani-kijani, na rangi iliyopakwa juu yake huonekana kama doa jeusi. Ukiona mng'ao mzito uliotanda sawasawa kila mahali, usifurahi. Zipo vanishi zinazowekwa makusudi kuziba macho ya taa hiyo. Hapo taa haikusaidii tena, omba eksirei. Nyeupe ya risasi kwenye mawingu huonekana waziwazi, na mawingu yakipita katikati ya kanisa kana kwamba halipo, hukumu umeipata.

Mkifika hatua ya sampuli, usikubali zichukuliwe angani. Zichukuliwe kwenye ukingo wa kuba na kwenye saini, zikatwe kwa wima ili tabaka zionekane. Tabaka la uchafu au vanishi kati ya anga na kuba linamaliza mjadala.

KisimaChaRangi

Mwambaji amegusa mwili wa mchoro, mimi nijibu hilo la ishara.

Levitan alizaliwa 1860, akafa 1900, na ishara kwake zipo kweli. Lakini hazikai kama maelezo ya katalogi yanavyodai. Chukua "Vladimirka" ya 1892. Ni barabara pana ya vumbi, mbingu nzito, mtu mmoja anatembea, na kando kuna nguzo ya njiani yenye sanamu takatifu. Uzito wote unatoka kwenye barabara yenyewe, kwa sababu kila Mrusi wa wakati ule alijua ndiyo iliyopitisha wafungwa wenye minyororo kwenda Siberia. Hakuchora mfungwa hata mmoja. "Juu ya Amani ya Milele" ya 1894, turubai kubwa la sm 150 × 206, ina kikanisa cha mbao, makaburi yaliyoinamishwa na upepo, na maji yanayokwenda bila mwisho. Kikanisa alikitoa Plyos kwenye Volga, ziwa ni la upande wa Tver, akaviunganisha. Alimwandikia Pavel Tretyakov, mkusanyaji aliyeanzisha lile jumba la Moscow, kwamba humo yumo yeye mzima. Kwa hiyo, ndiyo, alitunga. Lakini alitunga kwa vitu vilivyokuwa na maana kwa watu kabla yeye hajavichora.

Sasa loti yako. Monasteri ng'ambo ya maji ni wazo lake linalopendwa kuliko karibu yote. Lina kazi mbili maarufu, "Makao Tulivu" ya 1890 na "Kengele za Jioni" ya 1892. Ya kwanza ina kidaraja cha mbao kinachovuka mto na kukuelekeza kwenye njia ya upande wa pili. Ya pili haina daraja, ina mashua na gati, na monasteri inafikiwa kwa kuvuka maji. Zitazame kwa pamoja uone tofauti ya maana: kwenye moja mguu wako unaweza kufika, kwenye nyingine unahitaji kuvushwa.

Mchoro wako una kidaraja na mashua zilizofungwa kando yake, yaani kimoja kutoka kila kazi. Mimi hicho kinanitia wasiwasi kuliko saini. Mwenye wazo huchagua. Mwigaji hukusanya, kwa sababu anataka mnunuzi atambue. Fuata kidaraja kwa jicho uone kinatua wapi. Kama kinafika ng'ambo, na huko kuna njia inayopanda kwenye miti, muundo una akili. Kama kinaishia majini au nyuma ya kichaka, basi ni pambo, na ile "safari ya roho" ya katalogi haina pa kupita.

Jambo jingine, neno "kiishara" linauzwa holela. Wachoraji wa mandhari wa Kirusi waliokuwa ndani ya mkondo wenyewe wa kiishara wanajulikana. Borisov-Musatov alichora mabwawa na bustani za makabaila kwa tempera. Kundi la Waridi la Buluu lilifanya maonyesho Moscow mwaka 1907. Bogaevsky alichora milima ya Crimea kama nchi iliyokwisha kufa. Roerich alitoka kwa mwalimu wake Kuindzhi akaishia Himalaya. Levitan aliwatangulia, kazi zake ni mandhari ya hali ya moyo. Mwandishi wa katalogi akimwita wa kiishara, mara nyingi anatazama bei za Roerich. "Madonna Laboris" ya Roerich iliuzwa Bonhams London Juni 2013 kwa zaidi ya pauni milioni 7.8. Usilipie insha.

Mbalamwezi

Asanteni sana, nimejifunza mengi kwa muda mfupi. Ripoti imefika. Turubai halijabandikwa turubai la pili nyuma. Mbao za kuwambia ni za zamani. Upande wa nyuma kuna mhuri wa duka la Düsseldorf uliofifia, na karatasi iliyogundishwa kwenye ubao wa juu, imeandikwa kwa mkono: jina Левитан, "maonyesho", mji Petrograd, mwaka 1912. Chini ya urujuanimno wanasema "marekebisho madogo kwenye anga na eneo la katikati, vanishi inang'aa sawasawa". Kidaraja kinaishia nyuma ya matete.

Vipimo je, vina maana yoyote? Na mhuri wa Ujerumani unaua kila kitu?

Mwambaji

Mhuri hauui. Turubai na rangi za Düsseldorf ziliuzwa kote Ulaya, na Warusi walizinunua. Duka la Kirusi kama Avanzo au Datsiaro lingekuwa kiungo kizuri, lakini kukosekana kwake hakuthibitishi kitu. Shida ni kwamba mhuri huo unaungana na yale tuliyoyasema: mandhari isiyo na Urusi ndani yake ila makuba, nyuma yake Ujerumani.

Vipimo vinavutia zaidi. Urusi ya zamani ilipima kwa arshini, sm 71.12, yenye vershoki 16 za sm 4.445. Sm 44.5 kwa 71 ni vershoki 10 kwa arshini moja kamili. Lakini hiyo ni hoja ya mbao, si ya turubai. Mbao za zamani zinanunuliwa. Kagua kama turubai na mbao vimekaa pamoja tangu siku ya kwanza. Omba picha za kingo nne zilizokunjwa. Kila tundu la msumari kwenye turubai liwe na tundu lake kwenye ubao, na kutu ya msumari iwe imelitia doa turubai kuzunguka tundu hilo hilo. Matundu yasiyo na mwenza maana yake liliwambwa upya. Tazama pia ukanda wa nyuma uliofichwa na ubao: uwe mweupe kuliko sehemu iliyo wazi, na mpaka wake ufuate upana wa ubao huu, si wa mwingine.

Karatasi ndiyo imeniamsha. Mwaka 1912 hapakuwa na mji unaoitwa Petrograd. Ulikuwa Saint Petersburg hadi 1914, ukawa Petrograd, na kuanzia 1924 Leningrad. Na jina Левитан, kama umelinakili sawasawa, halina alama ngumu ъ mwishoni, ambayo tahajia ya kabla ya 1918 iliiweka baada ya konsonanti. Kwenye saini ya msanii usiikaze sana hoja hiyo, watu walijisaini walivyopenda. Kwenye karatasi ya maonyesho ya 1912 ina uzito. Angalia pia neno la "maonyesho" lilivyoandikwa na kama kuna herufi і au ѣ popote.

Kwa haki, karatasi inaweza kuwa imeandikwa miaka ya 1920 na mmiliki aliyekuwa anakumbuka tu, bila hila yoyote. Lakini basi si hati ya maonyesho, ni kumbukumbu ya mtu, na katalogi haiwezi kuitumia kama historia. Waulize swali moja kwa maandishi: mchoro huu umo kwenye orodha ya kazi za Levitan aliyoitoa mtafiti Fedorov-Davydov mwaka 1966, au kwenye katalogi ya maonyesho ya kumbukumbu ya 1901, na kwa namba gani? Wakijibu "haumo", haimaanishi ni feki, kazi ndogo nyingi hazimo. Ila bei inapaswa kulijua jibu hilo.

Na hilo la "marekebisho eneo la katikati, vanishi inang'aa sawasawa": monasteri iko wapi kwenye mchoro? Kama iko katikati, ripoti imekwambia kwa adabu kile nilichokwambia uangalie.

Betula

Naongeza kidogo, na sehemu moja natofautiana.

Rangi: Levitan alikufa 1900. Nyeupe ya titani haikuwepo madukani hadi takriban 1920, buluu ya fthalosianini ilikuja katikati ya miaka ya 1930, nyekundu ya kadimi karibu 1910. Yoyote kati ya hizo ikionekana ndani ya kuba, pasipo dalili ya ukarabati, ni mwisho. Lakini ikionekana kwenye doa la marekebisho angani haina maana, wakarabati wengi wa karne ya 20 wameitumia nyeupe ya titani. Na kinyume chake hakisaidii: nyeupe ya risasi, nyeupe ya zinki na kobalti bado zinauzwa, kwa hiyo kuzikuta si cheti.

Ninapotofautiana ni kwenye ubora wa muundo. KisimaChaRangi anasema mwenye wazo huchagua. Si siku zote. Savrasov, mwalimu wa Levitan, alirudia "Kunguru Wamerejea" mara nyingi katika miaka yake ya shida, na baadhi ya marudio hayo ni dhaifu mno, tena ni ya mkono wake. Kuindzhi naye alirudia usiku wake wa mbalamwezi juu ya Dnieper. Udhaifu peke yake haumtoi msanii.

KisimaChaRangi

Betula, nakubali kuhusu Savrasov. Lakini yeye alirudia muundo mmoja mzima, miti ile ile, kanisa lile lile. Kuchanganya kidaraja cha 1890 na mashua za 1892 ni tendo jingine, ni la mtu aliyezitazama kazi zote mbili zikiwa zimekwisha kuwa maarufu. Nisingelihukumu kwa hilo tu. Pamoja na matete yanayoficha mwisho wa daraja, nalipa uzito.

NyundoTatu

Nijibu la fedha na sheria.

Chukua mfano wa nyundo kugonga pauni 50,000. Kamisheni ya mnunuzi kwenye nyumba kubwa za London kwa kiwango hiki iko kati ya asilimia 25 na 28, weka 27: pauni 13,500. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 inatozwa juu ya kamisheni: 2,700. Kama loti ina alama ya kuingizwa Uingereza kwa muda, ongeza asilimia 5 ya bei ya nyundo: 2,500. Jumla ni 68,700, bado usafiri, bima na vipimo. Soma alama iliyo kando ya namba ya loti, hiyo ndiyo inayokwambia kodi ipi inakuhusu. Ukisafirisha nje kwa utaratibu wao, sehemu ya kodi inaweza kurudishwa, lakini hati za forodha zipitie kwao ndani ya muda waliouweka.

Kinga: nyumba kubwa hutoa dhamana ya utambulisho kwa miaka mitano, kwa mnunuzi wa kwanza tu, na juu ya kile tu kilichoandikwa kwenye kichwa cha loti. Kesi ya kuijua ni ya "Odalisque" iliyouzwa Christie's mwaka 2005 kama ya Boris Kustodiev kwa takriban pauni milioni 1.7. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya London iliamua kuwa si yake, mnunuzi akarudishiwa fedha. Lakini alishinda kwa dhamana ya mkataba. Dai la uzembe dhidi ya nyumba ya mnada lilikataliwa. Kwa loti yako hilo ni zito, maana dhamana kwenye "Inahusishwa na" inakulinda karibu na utupu. Walisema huenda, na huenda inabaki huenda hata ukileta maabara kumi. Kilichobaki kwako ni kudai kwamba ni ghushi ya makusudi, na kila nyumba ina masharti yake ya hilo, mara nyingi ikitaka maoni ya wataalamu wawili wanaotambulika, kwa gharama yako.

Vyeti: cheti cha Tretyakov cha miaka ya 1990 kisikupoze, umeona cha 2004 kilivyoishia. Kituo cha Ukarabati cha Grabar kule Moscow kinaheshimika, na zamani wanunuzi walituma kazi huko kwa uchunguzi. Sasa usitume. Tangu 2022 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kupeleka Urusi bidhaa za anasa za zaidi ya euro 300, kazi za sanaa zikiwemo, na Uingereza ina katazo linalofanana. Turubai likivuka mpaka kwenda kupimwa, umevunja vikwazo. Uchunguzi ufanywe London au mji mwingine wa Ulaya ulio na maabara ya rangi. Kule Moscow zifike picha tu.

Na mmiliki ni nani? Baada ya uvamizi wa Ukraine, Sotheby's, Christie's na Bonhams zilifuta minada yao ya sanaa ya Kirusi ya Juni 2022 London, na tangu hapo kazi hizi hujitokeza kwenye minada mchanganyiko. Taka uthibitisho wa maandishi kwamba muuzaji hayumo kwenye orodha ya vikwazo, kwamba loti imepitishwa kwenye Art Loss Register, yaani rejista ya kazi za sanaa zilizoibwa au kupotea, na kwamba imelinganishwa na orodha za hasara za vita za makumbusho ya Urusi na ya Ukraine. Levitan huibwa kweli: mwaka 2014 kazi zake tano zilichukuliwa kwenye jumba lake la makumbusho Plyos. Zilipatikana, ila unaona kwa nini mstari mmoja wa "mkusanyiko binafsi" hautoshi.

Mbalamwezi

Monasteri iko katikati kabisa, kulia kidogo. Mkuu NyundoTatu, kwa hali hii unasimamia bei gani? Au niache?

NyundoTatu

Kama unaupenda mchoro wenyewe, upangie bei ya mandhari ya Ulaya isiyo na jina, ya miaka ya 1870 hadi 1890, ya ukubwa huo, yenye marekebisho. Hapo unazungumzia maelfu machache ya pauni, na bei ya siri ya muuzaji, ile ambayo chini yake hauzi, haitakuwa chini hivyo, kwa sababu kwa kawaida huwekwa karibu na makadirio ya chini na haizidi hapo. Maana yake leo hununui. Loti zenye mashaka mara nyingi hazipati mnunuzi, na baada ya hapo nyumba huwa tayari kusikiliza ofa. Subiri wiki moja baada ya mnada, ukiona kwenye matokeo haina bei, andika.

Kabla ya siku hiyo fanya moja: peleka maswali ya Mwambaji kwa barua pepe kwenye idara, si kwa simu. Uliza kuhusu Petrograd na 1912, omba eksirei ya eneo la makuba, omba kingo nne. Idara yenye watu makini ikiona tarehe na jina la mji, huenda ikatoa tangazo la kurekebisha katalogi kabla ya mnada, au ikaiondoa loti.

Mwambaji

Na maonyesho yakifunguliwa, panga miadi asubuhi, uombe mchoro ushushwe ukutani na utolewe kwenye fremu ya nje mbele yako. Watakubali, ni jambo la kawaida. Ukingo uliofunikwa na fremu haukupigwa mwanga kwa miaka, na mwongezaji anayefanya kazi bila kuitoa fremu hafiki pale. Angalia kama saini, au sehemu ya matete yaliyoficha daraja, inakatika ghafla kwenye mstari wa fremu.